Sindano ya Dafina

Meya alikuwa bado anahutubia kwenye ufunguzi wa makumbusho ya mji wetu, Dafina alipoiona sindano yake ndani ya kabati la kioo.

Ilikuwa ile ile, ndefu na bapa, imepinda kidogo pale dole gumba lake lilipoisukuma kwa miaka arobaini. Kikaratasi chini yake kilisema: "Mama zetu walitungia majani ya tumbaku kwenye uzi ili yakauke. Kazi hii imetoweka."

Alifungua kabati akaichukua.

"Mama, irudishe tafadhali," meya alisema. "Hiyo sasa ni historia."

"Historia ya nani? Naitafuta tangu Jumatatu, majani yananyauka uani! Kumbe mkwe wangu kawaletea nyie."

Wanaume wakacheka. Sisi wanawake hatukucheka. Asubuhi ile kila mmoja wetu alikuwa amesugua vidole kwa nyanya mbichi mpaka utomvu mweusi wa tumbaku ukatoka, ili tuje hapa tukiwa safi.

Dafina hakuwa amesugua. Alipokwisha kutoka, tuliona neno "imetoweka" limefunikwa na alama nyeusi ya dole gumba.