Chozi Lililofutwa

Sheria ilikuwa moja tu: ndege asiyepigwa picha hata mara moja kwa mwaka alifutwa daftarini, na jina lake likaondolewa vitabuni, kwenye simu na vinywani mwa walimu.

Siku ya mwisho ya mwaka, Mwanahawa alishinda uani kwake Muheza na kamera yake, akimvizia chozi, yule ndege mdogo wa kumetameta anayefyonza maua. Alasiri ndege huyo akatua kwenye mshubiri. Mwanahawa akabonyeza kwa pupa. Picha ikatoka na ukungu, na kamera ikaandika: "Hatambuliki." Alipoinua macho, ndege kesharuka.

Kesho yake jina likafutwa. Waliolifuta hawakukumbuka kwamba chozi ni la ndege na la jicho pia. Kila aliyeandika "machozi" alibakiwa na pengo, na kidogo kidogo watu wakazoea kuliruka neno hilo hata wakizungumza.

Miaka saba baadaye Mwanahawa alifiwa na mama yake. Akamwandikia dada yake: "Dada, … hayanikauki." Dada akaelewa; naye alikuwa mtu wa zamani.

Zuhura, binti wa Mwanahawa, aliyekuwa na miaka sita, akamsogelea mkekani, akamgusa shavu.

"Mama, nini hiki?"

"Machozi, mwanangu."

Zuhura akatabasamu kwa huruma. "Mama nawe! Mwalimu amesema hakuna neno hilo."

"Basi haya yanaitwaje?"

Mtoto akautazama unyevu kidoleni mwake, akafikiri sana.

"Hayaitwi."