Bwana Amesema na Fausta

Fausta aliinua bahasha juani kwa mara ya nne asubuhi ile, akafumba jicho moja, akachungulia. Wapi! Bahasha ya kaki ilikuwa nzito, haikuonyesha hata nukta.

Kuifungua hakuthubutu. Barua ya posa hufunguliwa na wazee wa ukoo, na mzee wa ukoo, shemeji yake Onesphory, alikuwa Kilosa mjini. Hapa kijijini Rudewa angefika Jumapili. Mshenga naye, Mzee Filipo, alipoileta Jumatano alibana midomo kabisa. "Nimetumwa na nyumba ya Mzee Kishiwa," alisema. "Yaliyomo watayaona wazee." Akanywa chai vikombe viwili, akaondoka.

Kwani kulikuwa na la kuficha? Kwa Mzee Kishiwa, yule mfugaji mgane aliyehamia kutoka Shinyanga, kijana wa kuoa alibaki mmoja, Kija. Kwa Fausta, binti wa kuolewa alibaki mmoja, Winnie. Hesabu ya darasa la kwanza.

Na Winnie akienda, nyumbani atabaki nani? Fausta na kuku. Wafugaji leo wako hapa, kesho wamehamia Katavi na ng'ombe wao, na mwanao utamsikia kwenye simu tu, tena mtandao ukipenda. Ujane wa miaka tisa Fausta aliuweza kwa sababu ya huyo binti. Akiwaza hivyo alitamani kuitia bahasha motoni.

Lakini alikuwa mtu wa kanisa, na mwezi uliopita alikuwa amepanda basi hadi Mikumi kwenye semina ya kujifunza kuisikia sauti ya Mungu. Mwalimu alifundisha hivi: nyamaza, soma Neno, kisha omba uthibitisho. Akaonya pia: "Wengi wetu tunamuuliza Mungu huku jibu tumeshalitia mfukoni." Fausta aliliandika hilo kwenye daftari, akalipigia mstari, moyoni akimlenga jirani yake Costancia.

Basi akafunga siku tatu ili Mungu amwambie hapana.

Siku ya kwanza alinyamaza nyuma ya jiko saa nzima. Akasikia ng'ombe wa Mzee Kishiwa analia. "Shindwa!" akasema. Ng'ombe hakuhesabika.

Siku ya pili akafunua Biblia popote. Ikafunguka pale mtumishi wa Ibrahimu anapotumwa kuposa, ngamia wake wanakunywa maji kisimani. Loo, hata hao wafugaji! Akafunua upande mwingine, akakuta harusi ya Kana. Akaifunga, akasema macho yamechoka kwa njaa.

Siku ya tatu, ambayo ndiyo hii, akaiweka bahasha chini ya godoro na kuomba uthibitisho mgumu. "Baba, kama unataka nikubali, mtu wa nyumba ile aje hapa kabla ya saa sita, na aje na kitu ambacho sikukiomba." Aliichagua Jumamosi makusudi. Jumamosi nyumba nzima ya Mzee Kishiwa huwa mnadani na ng'ombe.

Saa nne na nusu Kija alisimama mlangoni na dumu la maziwa.

"Shikamoo, mama." Aliinama mpaka kofia ikataka kuanguka.

"Marahaba. Mnadani hukwenda?"

"Baba kasema nipite kwako kwanza. Na anauliza kama ule uzio aliokutengenezea umekaa vizuri."

"Mwambie umekaa," Fausta akajibu kwa shingo upande. Kija akaaga.

Pale uani Winnie alikuwa anaosha vyombo, kicheko kinamtoka puani.

"Unacheka nini wewe? Hebu niambie ukweli, watu hawa unawaonaje?"

"Ni watu wazuri, mama. Mimi ningekuwa wewe, ningekubali tu."

Fausta akaingia chumbani, akapiga magoti. "Baba, sasa mimi nitabaki na nani?" Hakusikia ngurumo wala sauti. Alisikia tu moyo unatulia, bila yeye kuutuliza, akajua kwamba amejibiwa. Akalia kidogo. Halafu akajimiminia maziwa, maana kufunga kulikuwa kumekwisha.

Jumapili, ulipofika wakati wa ushuhuda, alisimama kabla hajaitwa.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Kuna posa imeletwa nyumbani kwangu. Mimi sikuitaka, nasema kweli mbele zenu. Nimefunga siku tatu nikitafuta hapana, Bwana kanipa ndiyo. Basi nimekubali, na barua yenyewe bado haijafunguliwa. Nikigeuka, mchungaji, nikamate!"

Kanisa zima likapiga makofi. "Tumesikia," akasema Mchungaji Cleopa, "na sisi sote ni mashahidi." Kwenye benchi la nyuma, Mzee Kishiwa alikuwa anajifuta jasho kwa leso, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Saa nane mchana, sebuleni kwa Fausta, shemeji Onesphory alivaa miwani na kuichana bahasha mbele ya mchungaji na mshenga. Alisoma kwa sauti ya ofisini: tarehe, salamu kwa ukoo, heshima nyingi, jina la mwombaji. Hapo akasita. Akaurudia ule mstari kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akamtazama mwenye nyumba.

"Kija hajatajwa humu," akasema. "Anayeposa ni Kishiwa mwenyewe, shemeji. Na anakuposa wewe."

Kabla Fausta hajafumbua mdomo, Winnie alishapiga kigelegele.