Jekundu na la Kijani

Nyamizi, fundi wa magari ya zamani, alitoka uvunguni mwa gari jekundu la Kitaliano. Bwana Karama, mkusanyaji aliyemwita ayalinganishe magari yake mawili ya mbio, alikuwa akimsubiri na bintiye wa miaka minane.

"Haya, fundi. Lipi bora?"

"Hili la kijani, la Kiingereza, bosi. Ni zito kidogo, lakini chesi yake, fremu ya chini, ni nzima."

"Hilo kobe?" Mji mzima uliijua hasira ya Karama; fundi aliyetangulia alitoka pale akivuja damu.

Nyamizi alilielekezea kidole lile la Kitaliano. "Jekundu limeungwa katikati, bosi. Rangi imeficha tu. Likikata kona kwa kasi, litakatika vipande viwili."

"Mwongo! Twende, mwanangu, tukamwonyeshe."

Mtoto aliingia kwenye lile jekundu akicheka, Karama akashika usukani. Injini ikanguruma. Nyamizi alitamani kukimbia, lakini miguu ilimpeleka langoni, akasimama katikati ya njia.

"Ondoka hapo!" Karama alifoka.

Gari lilisogea polepole mpaka boneti ikamgusa mapajani. Nyamizi alifumba macho, akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya boneti.