Majibu ya Ini

Mzee Kuang aligoma kupanda kitanda cha kupimia moyo mpaka mkewe alale kwanza.

"Lala wewe nione," alisema. "Ukiinuka mzima, na mimi nitalala."

"Lizee la miaka sabini na moja!" Yuzhen alimcheka, lakini akalala. Tangu amzae Min hakuwa amekanyaga hospitali, na asingeikanyaga kama si kwa ajili ya huyu mwoga wake. Mpimaji alimpaka mafuta ya baridi kifuani, akakitazama kioo cha mashine kwa muda mrefu. Zamu ya Kuang haikumaliza hata dakika tano. Kwenye kutoa damu ikawa vilevile, mkono wa mke kwanza, wa mume baadaye.

Min ndiye aliyemweleza mama yake mambo yote. Vali ya moyo wa baba, kile kilango cha kupitishia damu, imechakaa, yafaa ibadilishwe. Ila madaktari hawautazami moyo peke yake. Moyo ukilegea, damu hurudi nyuma ikalijaza ini, na ini likishachoka, mtu hupasuliwa vizuri, akashonwa vizuri, halafu asiamke. Kwa hiyo walikuwa wanasubiri majibu ya ini. Yakiwa mazuri, atapasuliwa. Yakiwa mabaya, basi tena.

Walisubiri siku tatu. Yuzhen alipika supu isiyo na chumvi wala pilipili, na kumnyima mtu wa Chongqing pilipili ni kumtesa. Kuang akaapa hatakula chakula cha wagonjwa peke yake, kwa hiyo wakateseka wote wawili. Nyumba yao iko ghorofa ya saba, lifti hakuna. Wakitoka sokoni, mzee alibeba kabichi zote mwenyewe, na kila ghorofa alisimama.

"Ngoja kidogo, Mama Min, pumzi imeniishia."

Yuzhen alingoja naye, ameegemea ukuta, akimhurumia. Hakulalamika. Miguu yake mwenyewe ilikuwa imevimba kwa kazi ya kuuguza, mpaka siku hizi alivaa viatu vya mumewe.

Alhamisi asubuhi Min aliingia kwa daktari peke yake, wazee wakabaki kwenye benchi. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huku kwetu ni kinyume, anayefichwa ni mgonjwa mwenyewe, na ndugu anayemwambia ukweli huonekana hana huruma. Min alipotoka alimpita baba yake bila kumtazama, akamvuta mama mpaka kwenye bomba la maji ya moto ya kunywa, mwisho wa ukumbi.

"Ini limekwisha, Mama. Nyongo imejaa kwenye damu. Daktari anasema wakithubutu kupasua, wataua."

"Dawa je?" Yuzhen aliuliza.

"Vidonge vya kupunguza maji mwilini. Basi. Kula vizuri, kutobeba vitu vizito, kutoudhiwa."

"Baba yako asijue."

"Sawa, Mama."

"Asijue, Min! Hata kwa harufu! Na huo uso wako urekebishe, unaonekana umetoka matangani. Nitamwambia mimi. Wewe tangu utoto wako hujui kudanganya."

Min alifungua kinywa aseme kitu. Yuzhen alikwisha kugeuka. Alijifuta macho kwa mkono wa sweta, akavaa tabasamu, akaburuza miguu mpaka kwenye benchi.

"Baba Min, inuka twende zetu. Umetusumbua bure! Daktari anasema hakuna haja ya kupasuliwa. Vidonge tu."

Kuang hakuinuka. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeulizwa swali gumu.

"Hakuna kupasuliwa?"

"Hakuna."

"Kabisa? Wamesema hivyo?"

"We mzee, ulitaka wakuchane kama bata?"

Machozi yakamtoka mzee, hadharani, mbele ya watu waliopanga foleni ya dawa. Katika miaka arobaini na sita ya ndoa, Yuzhen hakuwahi kuyaona. Kumbe aliogopa kiasi hiki, akajisemea, na sasa anafurahia uongo wangu. Jambo hilo lilimkata maini kuliko majibu yenyewe.

"Ngoja nikanawe uso, kuna joto humu," alisema, akaharakisha kwenda chooni ili akalie huko.

Min akaja akaketi karibu na baba yake. Kuang alisubiri mpaka mlango wa choo ulipofungwa.

"Nimeshaelewa," alisema. "Sasa niambie mimi. Daktari amempa mama yako miezi mingapi?"