Neno la Mvua ya Kwanza

Talatu alikuwa mtu wa mwisho duniani kuzungumza lugha ya Kidazau, akiishi katika kijiji chao, karibu na Bauchi. Wanawe wote walikwisha kuhamia Kihausa. Sheria ya siku hizo iliipa kila lugha iliyobakiwa na msemaji mmoja mashine ya kuzungumza naye, ili isife. Yake ilikaa jikoni, juu ya kabati, na walielewana vizuri. Mjukuu wake Asabe alijifunza kwa kuwasikiliza, na kabla mwaka haujaisha alikuwa akimtania bibi yake kwa Kidazau. Talatu alijiona ameshinda.

Asubuhi moja wakisonga ugali wa mtama, Asabe aliitaja mvua ya kwanza kwa neno ambalo Talatu hakuwahi kulisikia.

"Nani kakufundisha hilo?"

"Mashine, Bibi. Imesema hamkuwa na neno, ndiyo ikalitunga."

"Tulikuwa nalo," Talatu alisema kwa uhakika. "Mama yangu alilitamka kila mwaka mawingu yakikusanyika. Sikiliza nikwambie."

Asabe aliuacha mwiko, akasubiri. Talatu alifungua kinywa, na neno lililomjia lilikuwa lile la mashine.