Msuko wa Kwanza

Fulgensio alivua kofia yake ya jeshi, akapiga magoti nyuma ya binti yake ndani ya saluni moja mtaani Hai Cinema. Mama wa mtoto aliuawa kwenye mapigano ya Julai, na tangu hapo hakuna aliyezisuka nywele zile.

Vidole vyake vinene, vilivyochoka kwa lindo, viliteleza. Msuko ukafumuka tena. Mtoto akalia.

"Afande, unavuta sana," alisema msusi aliyekuwa akimwelekeza, mama wa Kiganda. "Wacha tu, mimi nitasuka."

Nje, gari lililokuja kumrudisha vitani lilipiga honi. Halafu likapiga tena, kwa hasira.

Fulgensio hakugeuka. Alizigawa nywele upya, mafungu matatu.

"Hapana, mama," alisema. "Onyesha mimi tena. Polepole."