Mpelelezi wa Filamu

Ezron alikuwa amechuchumaa nyuma ya magunia ya mahindi, kioo cha kukuzia jichoni, akimpeleleza mbuzi. Filamu yao ya vichekesho ilimhitaji mpelelezi mjinga anayeshuku kila kiumbe pale Tunduma. Wenzake walikuwa wakimrekodi kwa simu, wakijizuia kucheka.

Mama mmoja aliyejitanda kitenge akaja moja kwa moja hadi mbele yake.

"Baba, nimeambiwa wewe ndiye mpelelezi. Nimetoka Kamsamba alfajiri."

Wenzake wakaangua kicheko wakidhani naye anaigiza.

"Usikate! Endelea!" mmoja alisema.

Mama akafungua fundo la kitenge, akatoa picha ndogo ya msichana.

"Binti yangu alipanda lori la kwenda Zambia. Ni miezi mitano sasa, hata simu hajapiga."

Picha ilikuwa imechakaa pembeni, pale kidole gumba cha mama kilipozoea kuishika. Uso wa msichana ulikuwa mzima.

Ezron alitaka kumwambia kwamba huu ni mchezo tu. Badala yake akakishusha kile kioo.

"Zimeni simu," aliwaambia wenzake. Kisha akamsogezea mama kigoda.

"Lori lilikuwa la rangi gani, mama?"